Balozi wa Nyumba Kumi Aliyetumwa London

Kadiri fainali za Mataifa ya Afrika za 2027 zinavyosogea, na Kenya, Tanzania na Uganda zikijiandaa kuzipokea kwa pamoja, neno "balozi" limeshuka bei. Mchezaji akistaafu Jumatatu, Ijumaa unamkuta ni balozi: wa utalii, wa usafi, wa benki, wa mashindano yenyewe. Anapigwa picha ameshika bango, kavaa suti iliyombana mabega, na ubishi unaanza mitandaoni. Upande mmoja wanashangilia kwamba hatimaye wanamichezo wetu wanathaminiwa. Upande wa pili wanabeza: ubalozi una wenyewe waliousomea, mpira ubaki kuwa mpira. Nimeufuatilia ubishi huu kwa muda, na naona pande zote mbili zimekubaliana bila kujijua juu ya jambo ambalo si kweli, kwamba mtaji wa mwanamichezo katika kazi ya kuiwakilisha nchi ni sura yake na jina lake. Mmoja anaona sura inatosha, mwingine anaona haitoshi. Hakuna anayeuliza kama kuna kitu kingine mfukoni mwa mtu huyo.

Kipo. Mwanamichezo aliyecheza ugenini miaka mingi amejifunza kuishi na watu wanaomhitaji bila kumpenda. Amejua mkataba unasomwaje na mtu asiye na wa kumtetea, jirani mwenye chuki anasalimiwaje asubuhi, na ni nani hasa mwenye uamuzi pale ambapo kila mtu anasema "si mimi". Ujuzi huo ukipewa ofisi ya ubalozi huzaa matunda, na huzaa ugomvi pia, mara nyingi ugomvi na serikali iliyomtuma. Serikali inayotaka matunda ijue kwamba ugomvi umo ndani ya kapu hilohilo. Nalisema hili kwa sababu kuna mtu aliyeipita njia hii kuanzia uwanjani hadi ubalozini na akalipa gharama yake: Learie Constantine, mpiga kriketi wa Trinidad, kisiwa cha Karibi. Wasomaji wengi wa Kiswahili hawamjui, labda kwa kuwa kriketi kwetu imebaki mchezo wa viwanja vichache vya mjini, ingawa Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003 na tukaisahau mapema kuliko ilivyostahili.

Constantine alizaliwa Septemba 1901 huko Diego Martin, Trinidad. Babu yake mzaa mama alikuwa mtumwa. Baba yake, Lebrun, alikuwa msimamizi katika shamba la kakao na mmoja wa wapiga kriketi hodari kisiwani. Mwaka 1900 Lebrun alichaguliwa kwenda Uingereza na West Indies, timu ya pamoja ya visiwa vya Karibi, lakini hakuwa na nauli, basi akabaki mjini akizurura siku ya safari. Mfanyabiashara mmoja akamwona barabarani, akamuuliza kwa nini hajapanda meli, akachangisha fedha papo hapo na kukodi boti ya kasi iliyoikimbiza meli hadi ikaifikia. Lebrun akaenda, na katika ziara hiyo akawa mchezaji wa kwanza wa West Indies kufikisha mikimbio 100 (mikimbio ndiyo pointi za kriketi) Uingereza, tena katika uwanja mashuhuri wa Lord's, London. Mwanawe alikua akijua mambo mawili kwa wakati mmoja, kwamba kipaji hakikununulii tiketi, na kwamba tiketi ikipatikana mlango unaweza kufunguka.

Learie mwenyewe alianza kazi kama karani katika ofisi ya wakili. Hakuwa na njia ya kupanda zaidi ya hapo. Katika Trinidad ya enzi zile ngazi ya sheria kwa kijana mweusi asiye na fedha iliishia kwenye meza ya kunakili nyaraka, na hata kazi ya ukarani aliipata kwa kudonoadonoa. Kilichombadilishia maisha ni Juni 1928, ziara ya Uingereza, mechi dhidi ya Middlesex pale Lord's. Alipiga mikimbio 86, akarudi kurusha na kuangusha wiketi 7, yaani kuwatoa wapigaji 7, kwa mikimbio 57, kisha akapiga 103 kwa takriban saa moja, West Indies ikashinda. Ukimpima kwa mechi za Testi peke yake, yaani zile ndefu za kimataifa, hutaona ajabu: mechi 18, mikimbio 635, wiketi 58. Lakini watu walilipa kiingilio kumwona akidaka mpira tu, na kule Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, kuna klabu ndogo iliyofanya hesabu hiyo ya kiingilio. Mwaka 1929 Nelson ikamwajiri kama mchezaji wa kulipwa.

Ni hapa Nelson ndipo balozi alipotengenezwa, kwa hiyo niruhusiwe kukaa kidogo. Nelson ulikuwa mji wa viwanda vya kufuma pamba, mji wa wafanyakazi wenye siasa za mrengo wa kushoto, na ndani yake karibu hakukuwa na mtu mweusi mwingine. Watoto waliwachungulia Constantine na mkewe Norma dirishani. Wengine walimuuliza kama ametoka kuchimba makaa ya mawe. Barua za matusi zilikuja pamoja na barua za sifa. Baada ya msimu wa kwanza alitaka kufungasha virago arudi kwao, na Norma ndiye aliyemshikilia amalize mkataba. Alimaliza, akaongeza, akacheza misimu 9, na katika misimu hiyo Nelson ilichukua ubingwa wa ligi mara 7 na mara mbili zilizobaki ikawa ya pili. Familia ikabaki mjini hapo hadi 1949. Miaka 20 hivi katika mji mmoja, wakinunua mkate duka lilelile. Mwaka 1932 mwandishi C. L. R. James alipotoka Trinidad akakaribishwa nyumbani kwao, wakaanza kuzunguka vyama na kumbi za wafanyakazi wakieleza habari za visiwa vyao na madai ya kujitawala. Huko ndiko alikojifunza kuhutubia Waingereza bila kuwapigia magoti na bila kuwafokea.

Angalia kinachotokea katika simulizi hii, maana wale wanaosema "jina linafungua milango" hupenda kuitumia kama ushahidi wao. Jina lilifungua mlango mmoja tu, wa uwanja. Milango mingine ya mtaa ilifunguliwa kwa ukaaji. Mtu akikuona kila siku kwa miaka mitano, akakusikia ukilalamikia mvua ileile anayoilalamikia yeye, chuki yake inaanza kumchosha mwenyewe. Hakuna kampeni ya picha inayoweza kufanya kazi hiyo, na hakuna chuo cha diplomasia kinachoifundisha.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, serikali ya Uingereza ililigundua hilo kabla ya Trinidad. Wizara ya Kazi ilimpa Constantine nafasi ya ofisa ustawi, makao yake Liverpool, awashughulikie mafundi na vijana kutoka West Indies walioletwa kufanya kazi kwenye viwanda vya silaha. Kazi ilikuwa ya kila siku na isiyo na sifa: kiwanda kimekataa mafundi weusi, mwenye nyumba amebadili mawazo alipomwona mpangaji, ukumbi wa dansi umewafukuza vijana mlangoni, tawi la chama cha wafanyakazi linanung'unika. Constantine alikuwa akienda mwenyewe. Alianza kwa mazungumzo, akazunguka kwa viongozi wa vyama, na pale ilipobidi akatumia uzito wa wizara. Ubalozi wa kweli aliufanya hapo, bila hati za utambulisho, miaka 20 kabla ya kupewa bendera.

Kisha likaja la hoteli. Mwishoni mwa Julai 1943 alikwenda London na mkewe na binti yao kucheza mechi Lord's, akiwa ameshaweka nafasi ya malazi ya siku nne katika Imperial Hotel, Russell Square. Walipofika wakaambiwa watalala usiku mmoja tu, kwa sababu wageni Wamarekani hawatapenda kuwaona. Ofisa mwenzake wa wizara alijaribu kuingilia kati, akajibiwa kwa neno la kuwatukana watu weusi. Huyu ni mtumishi wa serikali ya Uingereza, wakati wa vita, aliyealikwa kucheza katika uwanja mkubwa kuliko yote wa mchezo wao. Alihamia hoteli nyingine, kisha akafungua kesi. Sheria ya kukataza ubaguzi wa rangi haikuwapo kabisa, kwa hiyo wanasheria wake walitumia kanuni ya kale inayomtaka mwenye nyumba ya wageni ampokee msafiri ila akiwa na sababu ya haki. Mwaka 1944 Jaji Birkett akampa ushindi na fidia ya gini 5, yaani pauni 5 na shilingi 5. Gini 5 ni fedha ya kununulia koti. Lakini kesi ilisomwa nchi nzima, suala likaulizwa bungeni, na watu wakajua kwamba pengo lililokuwa kwenye sheria lina jina na anwani.

Miaka ya baada ya vita aliitumia darasani. Mtu aliyekwisha shangiliwa na maelfu akakaa chini kusoma sheria akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, na mwaka 1954 akaapishwa kuwa wakili katika Middle Temple. Karani aliyenyimwa ngazi Trinidad aliipanda London. Akarudi nyumbani mwaka huohuo, akajiunga na PNM, chama cha Eric Williams aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Trinidad na Tobago, akawa mwenyekiti wake wa kwanza, akashinda kiti cha Tunapuna mwaka 1956 na kuwa waziri wa mawasiliano na ujenzi. Kuhusu uwaziri sina mengi: alifanya kazi yake, hakuwa mwanasiasa wa kuzaliwa. Mwaka 1961 Williams akamtuma London kama Kamishna Mkuu, jina ambalo nchi za Jumuiya ya Madola huwapa mabalozi wanaotumana wao kwa wao. Trinidad na Tobago ikapata uhuru tarehe 31 Agosti 1962. Constantine akawa mwakilishi wake wa kwanza kama nchi huru, mwaka uleule ambao Uingereza ilianza kuwawekea vizuizi wahamiaji kutoka makoloni yake ya zamani. Hesabu ya kisiasa ilieleweka: Waingereza wanampenda, basi aende akapendwe kwa niaba yetu.

Tarehe 30 Aprili 1963, katika jiji la Bristol, ofisa vijana aitwaye Paul Stephenson na wenzake wa jumuiya ya West Indies walitangaza mgomo dhidi ya mabasi. Kampuni ya mabasi ilikuwa haiajiri watu weusi wala Waasia kama madereva na makondakta, tawi la chama cha wafanyakazi lilikuwa limepiga kura ya kuwazuia tangu 1955, na kijana mmoja, Guy Bailey, alifutiwa usaili pale walipojua tu rangi yake. Yote hayo yalikuwa halali kisheria. Balozi wa Jamaica, Laurence Lindo, aliandika barua ya malalamiko kwa meya, kama balozi anavyotakiwa. Constantine naye aliandika barua zake, ila hakuishia kwenye karatasi. Mwanzoni mwa Mei, West Indies walikuwa Bristol wakicheza na Gloucestershire. Akaenda kutazama kriketi, na akiwa pale akawaambia waandishi wa habari waziwazi kwamba jambo hili halikubaliki. Akaonana na meya. Akazungumza na Frank Cousins, mkuu wa chama cha wafanyakazi wa usafiri nchi nzima. Kisha akapanda juu zaidi, hadi kwenye kampuni mama iliyomiliki kampuni ya mabasi, akawashawishi watume watu wakazungumze na chama. Tarehe 27 Agosti wafanyakazi wakakutana na kukubali kizuizi kiondoke, siku iliyofuata kampuni ikatangaza, na tarehe 17 Septemba kondakta wa kwanza asiye mzungu, Raghbir Singh, akapanda basi kazini.

Ushindi ule ni wa watu wa Bristol, wale waliotembea kwa miguu miezi minne na wanafunzi walioandamana nao. Constantine hakuuleta peke yake. Lakini tazama namna alivyoingia: uwanja wa kriketi, kisha meya, kisha mkuu wa chama, kisha mwenye mali. Ni njia ileile ya Liverpool, hatua kwa hatua, na nyuma yake ni Nelson. Serikali yake haikufurahi. Huko Port of Spain ilionekana amevuka mpaka, amejiingiza katika ugomvi wa ndani wa nchi mwenyeji. Februari 1964 aliondoka kwenye ofisi, akabaki London kama mtu binafsi.

Watanzania tuna neno ambalo Eric Williams hakuwa nalo. Kwetu balozi ni wawili. Yupo wa Masaki na Oysterbay, mitaa ya kifahari ya Dar es Salaam, mwenye gari lenye namba za peke yake, na yupo wa nyumba kumi, ambaye TANU ilituachia na ambaye hata Kenya walikuja kuiazima fikra yake mwaka 2013. Nilikulia jirani na mmoja wao. Mzee yule hakuwa na ofisi wala muhuri uliosomeka vizuri, alikuwa na kiti cha uvivu na daftari. Mgeni akihamia mtaani alipelekwa kwake. Mume akimpiga mkewe usiku, mlango uliogongwa ulikuwa wake, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hayo ni mambo ya ndani ya nyumba ya watu. Kuwamo kwenye mambo ya ndani ndiyo kazi yenyewe. Constantine alitumwa London awe balozi wa aina ya kwanza. Wahamiaji wa Bristol, Nottingham na Brixton walimpokea kama balozi wa aina ya pili, naye mwenyewe, kwa malezi ya Nelson, hakujua namna nyingine ya kuwa.

Wanaomtetea Williams wana hoja, na si hoja ya kitoto. Nchi yenye mwaka mmoja wa uhuru, inayouza sukari na mafuta kwa Waingereza, inayojadiliana nao kuhusu wananchi wake wataingiaje, ina haki ya kutaka mwakilishi wake achague vita. Mkataba wa Vienna kuhusu Mahusiano ya Kidiplomasia, uliopitishwa mwaka 1961, unasema katika ibara ya 41 kwamba mwanadiplomasia ana wajibu wa kutojiingiza katika mambo ya ndani ya nchi mwenyeji. Kanuni hiyo inailinda nchi ndogo kuliko kubwa. Sisi wenyewe tunakasirika balozi wa nchi tajiri akisimama Dar es Salaam au Nairobi na kutufundisha namna ya kuendesha uchaguzi, na hatuwezi kuidai kanuni asubuhi na kuitupa jioni. Hoja hii ina uzito na sitaifuta kwa sentensi moja.

Ila mkataba huohuo, ibara ya 3, unataja miongoni mwa kazi za ubalozi kulinda maslahi ya nchi iliyotuma na ya raia wake, ndani ya mipaka ya sheria za kimataifa. Swali basi ni hili: raia wako akinyimwa kazi ya ukondakta kwa sababu ya ngozi yake, katika nchi ambayo sheria yake haioni kosa, hayo ni mambo ya ndani ya mwenyeji au ni maslahi ya raia wako? Lindo alijibu kwa barua na hakuna aliyemlaumu. Constantine alijibu kwa miguu. Kwa maoni yangu alikuwa ndani ya ibara ya 3 karibu muda wote, na alikanyaga mstari pale tu alipozungumza na waandishi akiwa uwanjani, kwa sababu hapo hakuwa akimlinda raia fulani, alikuwa akiihukumu kampuni ya Kiingereza mbele ya Waingereza. Tofauti na balozi wa nchi kubwa anayetuhubiria, hakuwa na msaada wa fedha wa kutishia kuuondoa. Alikuwa na jina tu, na barua ambayo ingeweza kutupwa kapuni.

Ipo hoja nyingine, kutoka upande ulio kinyume kabisa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 vijana weusi wa Uingereza walianza kumwona Constantine ni mzee wa kukaa na wakubwa. Alikuwa ameingizwa katika Bodi ya Mahusiano ya Rangi iliyozaliwa na sheria ya 1965, sheria ya kwanza ya Uingereza kukataza ubaguzi katika maeneo ya umma. Akawa miongoni mwa magavana wa BBC. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha St Andrews wakamchagua kuwa rekta, mwakilishi wao katika uongozi wa chuo. Vijana wale walimwuliza kwa nini anaamini katika kamati wakati watu wanapigwa mitaani. Nadhani walikuwa sahihi kuhusu kamati na wamekosea kuhusu mtu. Sheria ya 1965 haikugusa ajira wala nyumba, mambo mawili aliyoyapigania tangu Liverpool. Ilibidi isubiriwe ile ya 1968. Mtu aliyezoea kusogeza mambo nyumba kwa nyumba huwa mvumilivu kupita kiasi anapowekwa kwenye meza ambako mambo husogezwa kwa kura. Hiyo ni kasoro ya kweli ya mwanamichezo katika siasa: anaamini mno kwamba mpinzani naye anafuata sheria za mchezo.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosikika zaidi, kwamba michezo isichanganywe na siasa, kwa hiyo mwanamichezo anapopewa ubalozi aitangaze nchi, atabasamu, anyamaze. Anayesema hivi kwa Kiswahili amesahau ya kwake. Februari 1974 Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na John Walker wa New Zealand, akiwa nyuma yake tu, naye akakimbia chini ya rekodi ya zamani. Dunia nzima ikasubiri wakutane kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hawakukutana, kwa sababu Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusa michezo ile baada ya timu ya raga ya New Zealand kwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Uamuzi ule nauunga mkono hadi leo, lakini bei yake ilitoka kwenye miguu ya Bayi, haikutoka kwenye mshahara wa waziri yeyote. Huwezi kumchukua mtu miguu yake kwa ajili ya siasa, kisha ukamwambia siasa si yake. Na katika kriketi ya West Indies siasa ilikuwamo ndani ya timu yenyewe: George Headley, mweusi, aliongoza mechi moja tu ya Testi mwaka 1948, na hadi 1960 ndipo Frank Worrell alipopewa unahodha wa mfululizo mzima. Constantine, aliyeujua mchezo kuliko wengi waliomwongoza, hakuwahi kuteuliwa nahodha wa West Indies. Walichoshindwa kumpa kwao alipewa Lord's Agosti 1945: Lindsay Hassett wa Australia alipougua, wachezaji wazungu wa kikosi cha Dominions, timu ya nchi za dola ya Uingereza, walikubali awe nahodha wao, wakaifunga England kwa mikimbio 45.

Turudi kwenye mabango yetu. Ukiisoma safari hii kwa makini utaona kwamba kati ya Testi yake ya mwisho, 1939, na ofisi ya London, 1961, kuna miaka 22. Ndani yake kuna miaka ya kushughulikia malazi ya mafundi, miaka ya kusoma sheria, na miaka ya uwaziri. Anayesema Constantine alipewa ubalozi kwa sababu alikuwa nyota ameziruka kurasa za katikati. Kwa hiyo wanaodai elimu hawajakosea kuidai. Wamekosea kudhani haiwezi kupatikana na mtu aliyeanza na mpira. Na wanaoshangilia uteuzi wa nyota aliyestaafu juzi wajue wanampeleka mtu kwenye mtihani kabla ya kumpa daftari.

Lakini kubwa zaidi kwangu ni swali la wapi. Tuna wachezaji na wanariadha wa Afrika Mashariki waliokaa miaka mitano, kumi, Uturuki, Ubelgiji, Qatar. Baadhi yao wanaongea lugha za huko, wanawajua polisi wa mtaa, wanajua wakala gani ni mwizi na mkataba upi una ukurasa uliofichwa. Wakati huohuo, kwa miaka sasa, tumesikia malalamiko ya wafanyakazi wa majumbani kutoka Kenya, Uganda na Tanzania walioko Ghuba: hati za kusafiria zimeshikwa na waajiri, simu za ubalozi hazipokelewi, msaada unafika maiti ikishaandaliwa kusafirishwa. Wale dada wanahitaji balozi wa nyumba kumi. Wanahitaji mtu wa kwenda mwenyewe kwa mwajiri, kisha kwa wakala, kisha kwa mwenye wakala. Sisi tukishampata mtu mwenye ujuzi huo tunamrudisha nyumbani na kumpiga picha na twiga.

Serikali itakayothubutu kumtumia vinginevyo itabidi iandike barua ya uteuzi ya aina nyingine, inayosema mapema ni mambo gani anaruhusiwa kuyasemea bila kupiga simu wizarani, na wizara itasimama wapi siku mwenyeji akinuna. Williams hakuiandika barua hiyo. Alidhani ametuma tabasamu, akashangaa lilipofunguka na kuanza kusema. Sioni dalili kwamba wizara zetu zimejiandaa zaidi yake, na nashuku kwamba ukimya wa mabalozi wetu wa mabango unawafaa waliowateua.

Constantine alikufa London tarehe 1 Julai 1971. Nchi iliyomwondoa ofisini ilimzika kwa heshima za kitaifa na kumpa Trinity Cross, nishani yake ya juu kabisa, akiwa kaburini. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ameingia katika Baraza la Malodi, baraza la juu la bunge la Uingereza, mtu mweusi wa kwanza kupewa kiti hicho cha maisha. Anayepewa hadhi hiyo hutaja mahali pa kuambatanisha na jina lake. Yeye alitaja pawili: Maraval, karibu na alikozaliwa, na Nelson, mji wa pamba ambako watoto walimchungulia dirishani. London, alikokuwa na ofisi, gari na bendera, haimo.